Kulala Hathersage, kutembea kwingi: dhana potofu kuhusu kufanya kijiji cha Uingereza kuwa kambi

Hathersage ni kijiji cha Derbyshire, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District. Kina kanisa la kale, maduka machache, baa kadhaa na bwawa la kuogelea la nje lenye maji ya moto, lililofunguliwa mwaka 1936. Vijiji vya Uingereza vyenye sifa za aina hiyo ni vingi. Sababu ya kukichagua hiki kwa mtu anayetaka kulala mahali pamoja tu, na kila asubuhi kushika njia tofauti ni moja tu: treni inasimama hapo. Mengi wanayoambiana watu kuhusu safari za namna hii yametoka kwenye picha nzuri za mtandaoni, au kwa mtu aliyeishia London akadhani ameiona nchi nzima.

“Kijijini bila gari umekwama”

Utakwama ukichagua kijiji kwa picha. Reli ya Bonde la Hope, iliyoanza kazi mwaka 1894, inaunganisha Sheffield na Manchester, na treni zake za polepole husimama Grindleford, Hathersage, Bamford, Hope na Edale. Kwa kawaida hupita moja kila saa kwa kila upande. Kutoka Hathersage, Sheffield ni dakika 20 hivi, Edale ni kama robo saa, na Manchester inakaribia saa nzima.

Kila kituo hapo ni mlango wa matembezi ya siku. Ukishuka Grindleford, korongo la Padley lenye msitu wa mialoni liko karibu na stesheni yenyewe. Kutoka Bamford unatembea kama kilomita 3 hadi ukuta wa bwawa la Ladybower, ambalo maji yake yalifunika vijiji vya Derwent na Ashopton miaka ya 1940. Ukame ukiuma, kama 2018 na 2022, mabaki ya Derwent hujitokeza na watu humiminika kuyaona. Kutoka Hope ni kilomita 3 nyingine hadi Castleton kwenye mapango. Edale ndiko inakoanzia njia ya miguu ya Pennine, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 hadi Scotland. Hakuna anayekudai uimalize.

Mtego uko Manchester. Treni za haraka za kwenda Sheffield hupita reli hiyohiyo, na kwa kawaida hazisimami Hathersage. Mgeni huona “Sheffield” kwenye ubao, akapanda, kisha akakitazama kijiji chake kikipita dirishani. Akifika Sheffield tiketi yake haimfikishi huko, na bado ana treni ya kurudi. Kabla ya kupanda soma orodha ya vituo, usiishie kwenye jina la mwisho wa safari. Stesheni ikiwa na mashine ya tiketi, kata kabla ya kuingia: faini ya kusafiri bila tiketi ni pauni 100 pamoja na nauli, ikishuka hadi pauni 50 ukilipa ndani ya siku 21. Kwa safari fupi kama hizi huna haja ya kununua tiketi wiki mbili kabla. Cha kuangalia ni saa tu, kwa sababu tiketi za nafuu siku za kazi kwa kawaida huanza kutumika baada ya msongamano wa asubuhi.

“Kilicho karibu kwenye ramani kiko karibu”

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Chukua Buxton, mji wa chemchemi za maji ya uvuguvugu. Kwa ramani uko upande wa pili wa vilima tu. Kwa treni, Buxton ina reli yake inayotelemka kuelekea Stockport, na reli hizo mbili hazikutani mahali panapokufaa. Mji wa New Mills una stesheni mbili, Central kwenye reli ya Hathersage na Newtown kwenye reli ya Buxton, na kati yake unatembea kwa miguu, kwenye mlima, kama kilomita moja. Inawezekana, lakini ipe siku nzima.

Chatsworth, jumba la kifahari la ukoo wa Duke wa Devonshire, ni vivyo hivyo. Njia isiyoangusha mtu ni kwenda Sheffield, kutembea dakika chache kutoka stesheni hadi kituo kikuu cha mabasi, na kupanda basi namba 218 la Bakewell linalopita Chatsworth. Inaonekana kama kurudi nyuma, na ndiyo, unarudi nyuma, lakini unafika. Jumba hufungwa kwa wiki kadhaa katikati ya baridi, hivyo hakikisha tarehe kabla ya kulipa chochote. Bakewell ni bora Jumatatu, siku ya soko.

York inafaa kwa siku moja kwa kupitia Sheffield. London haifai: kutoka Sheffield peke yake ni saa 2 hivi, na ukiongeza treni ya kijijini na kusubiri utatumia karibu saa 6 kwenda na kurudi. Anayeitaka London akalale London.

Kuhusu mabasi, tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kwenye mabasi mengi ya England ina kikomo cha pauni 3, na unalipa kwa kugusisha kadi. Shida ni saa. Mabasi ya vijijini hukata mapema jioni, na Jumapili ratiba huwa tofauti kabisa. Andika saa ya basi la mwisho la kurudi kwanza, halafu ndiyo uangalie la kwenda.

“Basi nitakodi gari, huko si wanaendesha kushoto kama kwetu”

Kwa anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda ni kweli, na mgeni anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa leseni halali ya kwao hadi miezi 12. Anayetoka Rwanda, Burundi au Kongo atalazimika kuzoea upande mwingine. Ila upande wa barabara ndio jambo dogo kuliko yote. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, na otomatiki huwa ghali zaidi na huisha mapema. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe kwa ajili ya dhamana. Kadi ya mwenzako haikubaliki. Kasi ni kwa maili: 30 ni kilomita 48 kwa saa, na duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari kwenye barabara isiyogawanywa katikati lina maana kikomo ni maili 60, si kwamba hakuna kikomo. Vichochoro vya mashambani vina upana wa gari moja, na mkikutana mmoja anarudi nyuma hadi penye upenyo. Ukipishwa, unainua mkono kushukuru.

Ramani ya simu nayo ina vituko vyake. Barabara kuu ya zamani chini ya kilima cha Mam Tor ilifungwa kwa magari mwaka 1979 kwa sababu kilima hakiachi kuporomoka; leo lami yake iliyokatika vipande ni kivutio cha watembea kwa miguu. Magari hupitishwa Winnats, mpenyo kati ya majabali wenye mwinuko wa zaidi ya asilimia 20. Dereva mgeni mwenye gari la gia, nyuma ya baiskeli, siku ya mvua: hayo si mapumziko.

“Ukikatiza shamba la mtu utafukuzwa”

Hii ndiyo dhana inayowanyima watu raha kuliko zote. England na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma, na nyingi zinapita katikati ya mashamba ya watu binafsi, wakati mwingine uani kwa mkulima kabisa. Njia ni haki yako ingawa ardhi si yako. Mshale wa njano ni njia ya watembea kwa miguu; wa bluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, za kipimo cha 1:25,000 njia hizo ni vistari vya kijani. Ramani yenye alama OL1 inahusu eneo la Hathersage, Castleton na Edale. Kwa kijiji cha Eyam na kwa Chatsworth utahitaji OL24.

Haki hii haikuja bure. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wa viwandani, wengi kutoka Manchester, walipanda nyanda za juu za Kinder Scout kwa makusudi wakati nyanda hizo zilikuwa za wawindaji wa ndege. Watano walifungwa. Sheria ya hifadhi za taifa ilipita mwaka 1949, Peak District ikawa hifadhi ya kwanza ya nchi mwaka 1951, na sheria ya mwaka 2000 ikafungua nyanda za juu ili watu watembee hata nje ya njia. Kutembea, si kupiga kambi, wala kuendesha baiskeli. Na nyama choma huko juu sahau kabisa: udongo wa mboji ukishika moto huwaka chini kwa chini kwa siku nyingi.

Geti uliache ulivyolikuta. Ukuta wa mawe hauparamiwi. Tafuta ngazi yake, mara nyingi ni mawe mawili matatu yaliyochomozwa kutoka ukutani. Ng'ombe wenye ndama ndio hatari ya kweli ya malisho ya Kiingereza. Usipite kati ya mama na mtoto, hata kama njia inapita hapo hapo; zunguka pembeni kisha uirudie njia yako.

“Kilomita 14 ni saa tatu”

Kwenye lami, labda. Kanuni ya Naismith, inayotumika tangu 1892, inahesabu saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Mzunguko wa kilomita 14 kutoka Hathersage hadi ukingo wa majabali wa Stanage, wenye mwinuko wa kama mita 300, unakuwa saa 3 na dakika 18 kwa mtu asiyesimama hata kidogo. Weka tope, picha, chai ya chupa na kusoma ramani, uhesabu saa 5.

Anayetoka karibu na ikweta husahau kwamba mchana haulingani mwaka mzima. Mwishoni mwa Desemba jua huzama hapo kabla ya saa 10 jioni. Mwezi Juni huzama baada ya saa 3 na nusu usiku. Mpango uleule ni wa starehe Juni na wa hatari Desemba. Julai nayo isikudanganye: bondeni watu wako na fulana, kule Stanage upepo unapenya sweta. Koti la mvua na viatu vyenye meno ni vya mwaka mzima. Jinzi ikilowa haikauki.

“Chakula hakikosekani, baa zipo”

Zipo, lakini jiko lina saa zake. Mara nyingi chakula cha mchana ni saa 6 hadi saa 8 au 8 na nusu, cha jioni ni saa 12 hadi saa 2 na nusu usiku. Jumapili wengi hupika nyama ya kuoka mchana na kufunga jiko jioni. Ukifika saa 9 alasiri kutoka mlimani utapewa pakiti ya krispi. Unaagiza na kulipa kaunta, hakuna anayekuja mezani kukuuliza, na si lazima unywe pombe.

Kwa Waislamu, usitegemee nyama ya halali kijijini. Inapatikana Sheffield, basi nunua ukiwa huko. Samaki na chipsi wanaonekana salama, lakini maduka kadhaa ya kaskazini hukaangia mafuta ya ng'ombe. Uliza wanakaangia nini kabla ya kuagiza.

“Nikipotea nitapiga simu, au nitaita taksi kwenye programu”

Taksi za programu ni mambo ya Sheffield. Kijijini unampigia dereva wa eneo na kuweka nafasi siku moja kabla, hasa ya usiku. Mtandao nao hukatika mabondeni, hivyo pakua ramani ukiwa kwenye intaneti ya ulipolala na ubebe ya karatasi. Mtu akiumia mlimani, piga 999, omba polisi, kisha useme unahitaji waokoaji wa mlimani. Ni watu wa kujitolea na hawatozi chochote. Taja namba za gridi za ulipo kutoka kwenye ramani, idadi yenu, na jeraha ni la nini. Kama simu haishiki, piga filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia.