Makimbilio ya Mbwa Wakubwa Nyumbani: Maana na Mipaka Yake

Tunaposema kwamba mtu "anaokoa mbwa", tunaweza kuwa tunazungumzia mambo mawili yasiyofanana, na anayekusudia kuwapokea mbwa wakubwa kwa umbo nyumbani kwake hana budi kuyatenganisha kabla hajafungua lango. La kwanza ni uokoaji wenyewe: mbwa aliyetupwa, aliyeteswa au aliyeachwa na mwenyewe aliyehama hupokewa, hutibiwa, huchanjwa na kuhasiwa, kisha hutafutiwa mlezi mpya. La pili ni makimbilio, yaani mahali ambapo mnyama asiyetarajiwa tena kupata mlezi hukaa hadi siku yake ya mwisho. Uokoaji una mlango wa kuingilia na wa kutokea. Makimbilio yana wa kuingilia tu.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua tofauti hii kwa upande wa wanyamapori. Ndama wa tembo waliofiwa na mama zao hulelewa Nairobi na Shirika la Sheldrick, kisha hupelekwa Tsavo, ambako huzoea kidogo kidogo kuishi na tembo wa porini. Sokwe wa Sweetwaters, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki, hawaendi popote. Kituo chao kilifunguliwa mwaka 1993 ili kuwapokea sokwe yatima walioondolewa Bujumbura kwa sababu ya vita, na kwa kuwa Kenya haina sokwe wa asili, hakuna msitu wa nchi hiyo wa kuwarudisha. Kwa hiyo kinachoamua mahali paitweje ni iwapo mnyama ana pa kwenda baadaye, wala si ukubwa wa moyo wa mwenye mahali hapo.

Mbwa mkubwa ndiye anayekosa pa kwenda mapema zaidi. Mbwa aina ya Great Dane ana uzito wa kilo 50 hadi 80, hula chakula kikavu kinachokaribia kilo moja kwa siku, na dawa zake nyingi, ikiwamo ya usingizi wakati wa upasuaji, hupimwa kwa uzito, hivyo gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya mbwa koko wa kilo 15. Isitoshe, huishi miaka 7 hadi 10 tu; akifika miaka 6 tayari ni mzee, na walio tayari kumchukua mzee wa kilo 70 mwenye nyonga mbovu ni wachache mno. Mbwa wa ulinzi kama Rottweiler au Boerboel huja na mzigo mwingine: pengine alifundishwa, au aliachwa ajifunze mwenyewe, kwamba kila mgeni ni adui.

Wakati mwingine sheria yenyewe ndiyo inayofunga mlango wa kutokea. Nchini Uingereza, katika England na Wales, kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 ilipigwa marufuku kumuuza, kumzalisha au hata kumtoa bure mbwa aina ya XL Bully, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 ikawa kosa kuwa naye bila cheti cha msamaha. Vituo vilivyokuwa na mbwa hao vilijikuta haviruhusiwi tena kuwapatia walezi wapya. Mbwa aliyekuwa wa kupita akawa wa kukaa, au wa kuuawa kwa sindano, bila yeye mwenyewe kubadilika kwa lolote.

Neno "nyumbani" nalo linahitaji ufafanuzi, hasa kwa msomaji wa pwani. Katika madhehebu ya Shafii mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Lakini kumfuga kwa ajili ya kuwinda, kulinda mifugo au mashamba kumeruhusiwa. Makimbilio ya nyumbani hayamlazimishi mtu kulala na mbwa sebuleni. Maana yake ni kwamba mlezi anaishi katika kiwanja hichohicho, na mabanda yako karibu kiasi cha yeye kusikia usiku mambo yakiharibika.

Kusikia huko si jambo dogo. Mbwa wakubwa wenye vifua virefu hupatwa na maradhi ya tumbo kujaa gesi na kujisokota, ambapo damu huzuiwa kufika tumboni na mnyama anaweza kufa katika saa chache. Dalili zake ni tumbo kuvimba, kutotulia, na kujaribu kutapika bila kutoa kitu. Tiba yake ni upasuaji wa haraka. Mlezi anayelala mbali na mabanda ataikuta maiti asubuhi. Kwa sababu hiyo ningemshauri anayeanza amtafute daktari wa mifugo anayepokea simu usiku kabla ya kumtafuta fundi wa kujenga mabanda.

Ujenzi wenyewe una kanuni chache. Uzio uwe na milango miwili inayofuatana, ili wa nje usifunguliwe kabla wa ndani haujafungwa. Kila mbwa ale peke yake, kwa kuwa ugomvi wa mbwa wawili wa kilo 60 hauamuliwi na mtu mmoja akabaki salama. Mbwa mgeni atengwe kwa wiki mbili hivi, asilete maradhi ya kuambukiza kama parvo au homa ya mbwa, na awe amechanjwa kichaa cha mbwa. Hakuna kuzalisha hata mara moja. Anayeuza watoto wa mbwa huku akijiita mlinzi wa wanyonge ni mfanyabiashara, basi.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, uko katika hesabu. Tuseme nyumba ina nafasi sita, na mbwa wa kupita hukaa miezi mitatu. Nafasi moja itahudumia mbwa wanne kwa mwaka, yaani kumi na sita kwa miaka minne. Akiingia mmoja wa kukaa, akaishi miaka hiyo minne, nafasi hiyo imemhudumia yeye peke yake. Si kosa, ila ni uamuzi, na wengi hawaufanyi kwa kuukusudia: mbwa amekosa mlezi mwezi huu, amekosa na ujao, mwishowe amezoeleka. Mwaka wa tatu nafasi zote sita zimejaa wakazi, simu za kuomba msaada zinaendelea, na mwenye nyumba anaongeza nafasi ya saba kwa huruma. Njia hiyo humfikisha mtu kwenye ulimbikizaji wa wanyama, hali ambayo mwongozo wa Marekani wa uainishaji wa maradhi ya akili uliotolewa mwaka 2013 unaitaja katika maelezo ya ugonjwa wa kulimbikiza vitu.

Ndiyo maana makimbilio ya kweli huwa na idadi iliyoandikwa, pamoja na masharti ya nani apokewe kama mkazi na nani kama mpita njia. Huwa pia na karatasi nyingine ambayo wengi huichelewesha: nani atawachukua mbwa hao mlezi akilazwa hospitali au akifa, na fedha za chakula chao zitatoka wapi, kwa sababu ndugu watakaokuja kugawana kiwanja huenda wasijue hata jina la mbwa mmoja.