Chipu nzima, mchoro wenye kosa

Mimi huhakiki michoro ya chipu za kompyuta kabla haijapelekwa kiwandani. Watu huniuliza: kama kila chipu inapimwa ikishatengenezwa, kuna haja gani ya kuhangaika mapema? Huwajibu kwa mfano wa kanga. Jina likikosewa herufi moja kwenye mchoro, mkaguzi wa kiwanda atatazama rangi, pindo na matundu, aridhike. Kosa litauzwa na kila doti.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Pentium, chipu ya kampuni ya Intel, mwaka 1994. Profesa Thomas Nicely wa Virginia, Marekani, alikuwa akifanya hesabu za namba tasa pacha (zinazopishana kwa 2, kama 11 na 13) akaona majibu hayakubaliani. Gawanya 4,195,835 kwa 3,145,727: jibu ni 1.33382, lakini chipu ile ilitoa 1.33374. Sehemu yake ya kugawanya ilitegemea jedwali lililopaswa kujazwa nafasi 1,066, na nafasi 5 zikaachwa na sifuri. Kiwanda hakikuharibu kitu. Kilifuata mchoro kama ulivyo. Intel ilitenga dola milioni 475 kufidia hasara ya kosa hilo.

Kwa nini wasijaribu kila hesabu? Chukua kujumlisha tu, namba mbili za biti 32, yaani zilizoandikwa kwa tarakimu 32 za 0 na 1. Ukijaribu jozi bilioni moja kila sekunde, utamaliza baada ya miaka 584 hivi. Kwa hiyo tunaiga chipu ndani ya programu, tunaichokoza kwa namba za bahati nasibu na zile za mipakani, kama sifuri na namba kubwa kuliko zote, na kwa sehemu za hesabu tunatumia uthibitisho wa kihisabati, unaoonyesha kwamba hakuna jozi hata moja itakayokosewa. Kwa kugawanya, mimi sikubali pungufu ya huo.

Kiwandani adui ni mwingine: vumbi, waya uliokatika, nyaya mbili zilizogusana. Sindano nyembamba hugusa chipu ingali kwenye kisahani cha silikoni, biti zinaingizwa, zinazotoka zinalinganishwa na majibu yaliyotarajiwa. Majibu hayo yametoka wapi? Kwenye mchoro uleule! Mchoro ukikosea, kosa linapewa vema.

Chipu za kwanza zikifika mezani tunaziendeshea programu halisi. Kwa saa moja zinafanya kazi ambayo uigaji ungeifanya kwa miaka, ila huwezi tena kuchungulia kila waya. Kosa la mchoro likijitokeza hapo, kazi inarudi kwangu, na kiwanda kinaanza kutengeneza upya.