Je, wajua kwa nini mdomo wa pampu, yaani pale bomba linapoungana nayo, huruhusiwa kubeba mzigo mdogo kuliko nguvu zake?

Anayepita Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba, huisikia harufu ya mafuta ya karafuu kabla hajakiona kiwanda. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, hupikwa kwa mvuke, na penye mvuke mabomba hurefuka. Bomba la chuma la mita 10 likipanda kutoka nyuzi joto 30 hadi 150 huongezeka kama milimita 14. Likikosa kona ya kujinyoosha, husukuma mdomo wa pampu au chombo lilikofungwa.

Wahandisi wameweka mipaka ya msukumo huo. Kwa muda mrefu niliamini mipaka hiyo ni ya kuzuia mdomo usivunjike. Sivyo, na hesabu yenyewe inakataa. API 610, kiwango cha Marekani cha pampu za mafuta na gesi, huupa mdomo wa milimita 100 jumla ya nyutoni 2,560, sawa na uzito wa kilo 260 hivi. Uzigawe kwenye eneo la chuma linaloonekana bomba la kawaida la ukubwa huo likikatwa, utapata kama nyutoni 1.25 kwa kila milimita ya mraba. Chuma hicho hakilegei mpaka zifike kama 240. Jedwali la kiwango hicho lina pia nguvu za kupinda, nazo hukikaza chuma zaidi, lakini hata hizo haziufikishi mdomo karibu na kuvunjika.

Kinacholindwa khasa ni shafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya pampu.

Fikiria mlango wa Mji Mkongwe. Miimo yake ni mbao nzito, huivunji kwa bega. Lakini nyumba ikititia, mwimo mmoja ukahama upana wa ukucha, mlango huanza kukwaruza kizingiti na komeo haliingii tunduni. Hakuna kilichovunjika. Ukiulazimisha kila siku, kinacholika ni bawaba. Pampu nayo ni hivyo: bomba likiusukuma mdomo, mwili wa pampu hujipinda kidogo mno, na shafti iliyomo hutoka kwenye mstari wa shafti ya mota. Beringi hupata moto, na sili, kizuizi cha uvujaji penye shafti, huanza kuvuja. Fundi hubadilisha sili, na baada ya muda inavuja tena, kwa sababu maradhi yako kwenye bomba.

Hapo ndipo viwango vinapotofautiana: kila kimoja kina chake cha kulinda. Turbini za mvuke zina kiwango chao, NEMA SM 23. API 617, kiwango cha kompresa, yaani mashine za kusukuma gesi, huanzia kwenye mipaka hiyohiyo, kisha huizidisha kwa 1.85. Tangi halina shafti, kwa hiyo swali ni jengine: ni kama debe lililotiwa bomba ubavuni, ambapo bati huanza kubonyea pembezoni mwa tundu. Njia ya kukokotoa mkazo huo ilitolewa mwaka 1965 katika WRC 107, chapisho la watafiti wa uchomeleaji wa Marekani. Nayo ASME B31.3, kiwango cha mabomba ya viwandani, hulinda bomba lenyewe, na kwa chuma cha kawaida huruhusu mkazo wa kutanuka na kunywea wa kama nyutoni 200 kwa milimita ya mraba. Bomba linaweza kufaulu katika hesabu hiyo bila tatizo huku likiiharibu pampu.

Jedwali la API 610 si amri ya mwisho. Kwa masharti maalumu lenyewe huruhusu hadi mara mbili, na pampu ya maji ya kijijini haimo kabisa katika kiwango hicho. Hiyo hufuata kitabu cha mtengenezaji wake.

Ninachokipenda zaidi ni kipimo cha API 686, kiwango cha ufungaji wa mashine, ambacho hakihitaji kompyuta. Unaweka saa ya kupimia kwenye shafti, unakaza boliti za flenji, kile kisahani kinachounga bomba na pampu, bomba likiwa baridi, unautazama mshale. Ukihama zaidi ya milimita 0.05, unafungua flenji na kulirekebisha bomba kabla pampu haijawashwa.