Mbaazi za moto, mifuko iliyopigwa marufuku, na barua isiyoandikwa

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la watumiaji bidhaa siku hizi yanafanana. Mtu ananunua mbaazi asubuhi, Majengo au Mwembe Tayari hapa Mombasa, anapakuliwa moto moto ndani ya kimfuko chembamba cha plastiki kisicho na jina la mtengenezaji, anakwenda nacho hadi nyumbani, kisha anatupigia simu kuuliza serikali imelala wapi. Swali ni halali na tutalijibu. Ila naye atuvumilie tukimuuliza kwa nini alikipokea.

Kwanza, marufuku haikwisha. Kila wiki tunaambiwa kwamba imekwisha, na inachosha. Tangazo namba 2356 katika Gazeti Rasmi la Serikali lilianza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017 na linakataza kutengeneza, kuingiza nchini na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungashia bidhaa, yenye mikono na isiyo na mikono. Neno “kutumia” limo. Wanaodhani sheria inamhusu muuzaji peke yake walisome tena. Adhabu inatokana na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira: faini isiyopungua shilingi milioni 2 wala kuzidi milioni 4, au kifungo kisichopungua mwaka 1 wala kuzidi miaka 4, au vyote viwili. Anayeitoa ni mahakama, baada ya shtaka kuthibitishwa. Afisa anayekusimamisha karibu na feri ya Likoni na kutaka “faini” mkononi hana uwezo huo kisheria, na tendo lake ni la kuripotiwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Mfuko wa mkate uliofungwa kiwandani hauguswi na marufuku hii, kwa sababu ni kifungashio cha kiwandani kinachogusana na bidhaa pale inapotengenezwa. Huulizwa sana, na kwa kawaida anayeuliza ni mwenye duka aliyekamatwa na mifuko ya aina nyingine kabisa.

Upande wa afya nitasema kwa tahadhari, maana si kila plastiki ni sawa. Joto na mafuta huharakisha kemikali za plastiki kuhamia kwenye chakula. Mchuzi wa nazi wa mbaazi unaochemka una vyote viwili, na kimfuko cha magendo hakuna aliyekipima kama kinafaa kwa chakula. Wengine wamehamia kwenye gazeti kuukuu kwa viazi vya karai na mihogo ya kukaanga. Nalo halifai: wino wa gazeti haukukusudiwa kuliwa. Bakuli lenye kifuniko linatosha. Wanawake wa Pwani wamekwenda kununua mbaazi na bakuli mkononi tangu kabla ya plastiki kufika, na sijui ni lini ikawa aibu. Mama mbaazi mwenyewe atakwambia kwamba mteja akikosa mfuko huhamia meza ya pili, kwa hiyo tusimtwike yeye mzigo wote.

Baada ya kuliwa, kimfuko huishia kwenye mtaro. Mvua za masika zikija mtaro unaziba, maji machafu yanaingia majumbani, na kinachobaki kinasombwa hadi kwenye mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Hilo kila mkazi wa Mombasa amejionea.

Sasa jibu la swali. Katiba, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula, na pia kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa. Kwa hiyo kibanda kichafu, mtaro uliojaa taka, au gari la taka lisilopita mtaani kwako ni mambo ya Kaunti ya Mombasa. Mifuko iliyopigwa marufuku, hasa ghala au msambazaji wake, ni jambo la NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira. Wananchi hupeleka la kaunti NEMA na la NEMA kwa chifu, kisha husema hakuna anayejali. Kwa haki, hata maofisa wengine huwasukuma watu mlango hadi mlango, na hilo halina udhuru.

Ujumbe wa sauti uliosambazwa katika makundi ya WhatsApp si lalamiko. Narudia: si lalamiko. Lalamiko lina tarehe, mahali panapotambulika (“mkabala na msikiti fulani”, si “hapa kwetu”), ulichokiona na unachotaka kifanyike. Wakili hahitajiki. Ukiwa na risiti au picha, ambatisha.

Ukitaka kujua kwa nini taka hazikuzolewa, au nani alipewa zabuni ya kuzizoa, tumia Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaomba kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili, wala halazimiki kueleza sababu. Asiyeweza kuandika anasema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia na kumpa nakala. Jibu litolewe ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Taarifa ikiwa nyingi mno, muda unaweza kuongezwa mara moja, usizidi siku 14. Ofisi ikiona taarifa iko kwingine, ina siku 5 za kuhamisha ombi. Afisa anayekataa kulipokea au kulijibu kwa wakati anaweza kutozwa hadi shilingi 50,000, kufungwa hadi miezi 3, au vyote viwili. Ukinyimwa, omba mapitio kwa Tume ya Utawala wa Haki (Ombudsman) ndani ya siku 30.

Wanaosema “karatasi hazisaidii” watazame Owino Uhuru, Mikindani. Wakazi waliodhuriwa na madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda cha kuyeyushia betri walikwenda mahakamani wakiwa na vipimo vya damu, si uvumi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3; Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Ibara ya 70 ya Katiba haimtaki mlalamishi wa mazingira athibitishe kwamba yeye mwenyewe ameumia.

Barua iwe na nakala mbili. Moja iache, ya pili igongwe muhuri wenye tarehe ya kupokelewa, maana siku 21 huhesabiwa kuanzia hapo. Asiye na muhuri akitufuata baada ya mwezi, tunamwanzisha upya.