Kumsaka Mnyoo wa Ini kwa Kupima Mkojo
Mnyoo bapa wa ini aitwaye Opisthorchis viverrini, aliyeenea kaskazini mashariki mwa Thailand na nchini Laos, hujificha kwenye mirija ya nyongo. Humo anaweza kuishi zaidi ya miaka 10, na wengi wanaombeba hawahisi chochote. Huingia kwa samaki wa maji baridi aliyeliwa mbichi, kama kwenye koi pla, saladi ya samaki mbichi ya huko (ndimu na pilipili hazimuui, moto ndio unaomuua). Tangu 1994 anatambuliwa rasmi kuwa kisababishi cha saratani, ile ya mirija ya nyongo.

Kwa muda mrefu amesakwa kwa mayai yake kwenye choo. Lakini kipimo cha Kato-Katz, cha kuhesabu mayai kwa hadubini, hutazama choo cha miligramu 41.7 tu, kwa hiyo mwenye minyoo wachache huonekana mzima. Isitoshe, yai lake hushabihiana mno na la minyoo bapa wadogo wa utumbo, hata mpimaji mzoefu huchanganya.

Mkojoni hatutafuti yai. Mnyoo aliye hai hutoa protini. Baadhi huingia kwenye damu, figo zikazichuja, zikatoka na mkojo. Hizo ndizo antijeni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen wameunda kingamwili za kuzinasa, kwanza kwa kipimo cha maabara cha ELISA, kisha kwa kitepe cha haraka.

Makosa mengi huanzia kwenye kikopo. Kiwe safi na kikavu. Andika namba ubavuni, kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Mkojo wa asubuhi ni bora, kwani aliyekunywa maji mengi huzimua antijeni. Usipopimwa siku hiyo, uwekwe kwenye friji, la sivyo bakteria wataharibu protini. Kabla ya kupima, uache upate joto la chumba. Ukiwa na ukungu, uzungushe kwenye sentrifuji utumie maji ya juu. Mashapo huziba kitepe, mkojo ukakwama nusu njia.

Mstari wa C (unaoonyesha kitepe kinafanya kazi) usipotokea, tupa kitepe, hata kama wa T (unaoonyesha antijeni) umetokea. T hafifu ni chanya. Muda wa kusoma ni ule ulioandikwa kwenye pakiti, na upimwe kwa saa: kitepe kilichokauka huweza kuzua kivuli cha mstari.

Kingamwili za mgonjwa mwenyewe hubaki mwilini hata baada ya kupona, kwa hiyo hazithibitishi tiba. Antijeni hushuka mnyoo akifa. Ndiyo maana mkojo hupimwa tena wiki kama 4 baada ya prazikwanteli, dawa ya kuua mnyoo huyu. Ikirudi chanya miezi kadhaa baadaye, uliza kwanza kuhusu samaki, kwa sababu dawa haileti kinga.

Na kitepe hakioni saratani. Mwenye macho ya manjano au aliyekonda bila sababu apigwe altrasaundi ya ini, hata mkojo ukiwa hasi: minyoo huweza kufa, makovu yakabaki kwenye mirija.