Sinsod si mahari

Juzi nimelisikia tena, safari hii kwa kijana wa pwani anayepeleka vito Bangkok na ambaye amepata mchumba hukohuko: "Wazazi wake wanataka mahari kubwa, kumbe na Wathai wanauza mabinti." Mahari, na kuuza. Maneno yote mawili yananiuma, na la pili limezaliwa na la kwanza.

Wanachotaka wazazi wale kinaitwa sinsod, hutamkwa sinsot. Ni mali ambayo upande wa mwanamume huwapa wazazi au walezi wa binti kwa sababu binti amekubali kuolewa. Maana yake ni hiyo tu.

Sasa hilo neno mahari. Kwetu pwani mahari ni haki ya mke mwenyewe. Surat Nisaa, aya ya 4, inaamrisha wapewe wanawake, na baba akiitia mfukoni bila ridhaa ya bintiye amemdhulumu. Najua bara neno limepanuka hadi kubeba ng'ombe wanaoingia zizini kwa baba mkwe, na simkatazi mtu. Lakini ukilipeleka Thailand utakuta limekwisha kutangulia kufika. Waislamu wa Pattani, Yala na Narathiwat, kule kusini, hutoa mahari hasa, kwa neno lilelile la Kiarabu, na sheria ya 1946 inaruhusu ndoa na mirathi zao ziamuliwe Kiislamu mahakamani. Kuiita sinsod mahari ni kuwavuruga hata Wathai wenyewe.

Sheria yao ya madai, kifungu cha 1437, inatenga vitu viwili. Kuna khongman, mali ya uchumba, ambayo ni ya mchumba mwenyewe. Bila hiyo uchumba hausimami kisheria. Mara nyingi huwa dhahabu, na hupimwa kwa baht. Hapa wengi hujikwaa, kwa sababu baht ni fedha na pia ni uzito: baht moja ya dhahabu ya mapambo ni gramu 15.16. Halafu kuna sinsod, ya wazazi. Ndoa hufungwa hata bila sinsod, ila ikishatolewa, kisha ndoa ikakwama kwa kosa la upande wa binti, inaweza kudaiwa irudishwe.

Kwa hiyo inayokaribia mahari yetu ni khongman. Sinsod inafanana na kitu kingine kabisa, nacho tunacho. Sin ni mali. Imo pia katika sinkha, bidhaa, na nisin, madeni. Sod ni kuchomeka, kupenyeza. Lakini watu wana jina jingine la mapenzi zaidi: kha nam nom, malipo ya maziwa, yaani maziwa ya mama. Huko Isan, kaskazini mashariki, husema kha dong, na dong ni udugu unaoletwa na kuoleana. Mtu wa pwani akisikia hayo anapaswa kukumbuka mkaja, nguo anayojifunga mzazi tumboni akishajifungua. Akumbuke na ubeleko uliombebea mtoto mgongoni, na kilemba cha baba. Bibi zetu walizipa zawadi za wakwe majina ya nguo zilizomlea binti. Wenzetu wametaja maziwa. Sijapata kusikia mtu akisema aliyetoa mkaja amenunua mke.

Anayeuza humaliza habari na alichouza. Mzazi wa Kithai hamalizi, kwa sababu ya bunkhun, fadhila ambayo mtoto huilipa maisha yake yote. Mwenye kuitambua husifiwa kuwa ni katanyu, neno la Kipali, lugha ya vitabu vya Kibudha: kata, kilichotendwa, na ñu, mwenye kujua. Anajua alichotendewa. Ndiyo maana mchumba atatuma hela kwao hata baada ya harusi, na huko Isan, kwa desturi, binti wa mwisho hubaki na wazazi awatunze, kisha arithi nyumba. Mwanamume anayedhani sinsod imefunga hesabu hiyo ataumia, naye atamuumiza mkewe.

Siku yenyewe msafara wa bwana harusi huitwa khan maak. Khan ni bakuli, maak ni popoo, popoo hii hii ya tambuu. Nduguze binti hukinga njia kwa mikufu, na hakuna kupita bila bahasha, kama somo, kungwi wa bibi harusi, anavyozuia mlango kwetu. Ndani, sinsod hupangwa juu ya kitambaa na kuhesabiwa mbele ya wazee. Hunyunyiziwa mchele, ufuta na maua ili izae. Kisha mama hukifunga kitambaa, hulitia furushi begani, hupiga hatua huku ameinama, akisema ni zito, zito kweli, na watu wote wanacheka kwa furaha. Baadaye familia nyingi huwarudishia maharusi sehemu, au yote, waanzie maisha.

Basi ndugu yangu wa vito, ukirudi Bangkok uliza kila kitu kwa jina lake: khongman ya mchumba ni nini, na sinsod ya wazazi ni kiasi gani. Na mama yako akikuuliza huku nyumbani wakwe wanataka nini, usimwambie mahari. Mwambie wanataka mkaja na kilemba.