"Natafuta Kazi" Si Cheo

Katika miaka yangu ya kuzitafutia kampuni wafanyakazi hapa Dar es Salaam, swali ninaloulizwa kuliko yote huja likiwa limebeba lawama ndani yake: "Dada, mbona nimeandika wazi kwenye wasifu wangu kwamba natafuta kazi, na hakuna anayenipigia?" Safari hii limetoka kwa mhasibu mwenye shahada na uzoefu wa miaka mitatu, ambaye chini ya jina lake katika LinkedIn, mtandao wa kijamii wa masuala ya kazi, amejieleza kuwa ni kijana mchapakazi, mwaminifu, anayetafuta fursa yenye changamoto. Neno uhasibu halimo katika mstari huo.

Dhana ya kwamba anayejitangaza kuwa hana kazi ndiye anayeonekana na waajiri imenichosha, kwa sababu wanaoiamini ni watu wenye sifa ambao wamejificha wenyewe. Ukweli ni kwamba mwajiri hamtafuti mtafuta kazi. Anamtafuta mhasibu, fundi umeme wa viwandani au msimamizi wa ghala. Afisa ajira anapofungua sehemu ya kutafuta watu, huandika cheo, huchagua mji, kisha huongeza ujuzi mmoja au miwili ambayo nafasi ile haiwezi kujazwa bila hiyo, na mfumo huyalinganisha maneno hayo na yaliyomo kwenye wasifu wa kila mtu. Sijawahi kuandika "mchapakazi" pale, na sijawahi kumwona mwenzangu akiandika. Majina yanapotokea, ninachokiona kabla ya kubofya ni picha, jina na ule mstari mmoja; kama mstari hauniambii kazi ya mtu, napita, kwa sababu chini yake kuna wengine wengi wanaoniambia.

LinkedIn humpa kila mtu herufi 220 kwa ajili ya mstari huo, nafasi inayotosha kabisa. Mhasibu wangu angeweza kusema kwamba ni mhasibu katika kampuni ya usambazaji, anaandaa ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani), anatumia programu ya uhasibu ya QuickBooks na anaendelea na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu nchini. Mtu yeyote aliyewahi kuajiri mhasibu nchini anajua kwamba ritani ya VAT inatakiwa iwe imefika TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo anayeeleza kwamba ameiwasilisha kwa miaka mitatu bila kutozwa adhabu ameshathibitisha uaminifu na uchapakazi wake bila kuyataja maneno hayo. Na cheo kiandikwe kama kinavyoandikwa kwenye matangazo ya kazi, ambayo kwa kampuni nyingi binafsi hapa ni kwa Kiingereza. Nami nakipenda Kiswahili, lakini anayetafuta hutumia maneno ya tangazo lake. Kama ofisi yako imekupa cheo cha ndani kisichoeleweka nje ya geti, weka pembeni yake kile kinachofahamika sokoni, mradi usijipandishe ngazi ambayo hujaifikia, kwa kuwa tutampigia bosi wako wa zamani.

Wapo wanaodhani kwamba fremu ya kijani ambayo LinkedIn huizungushia picha ya anayejitangaza kuwa yuko tayari kwa kazi itafanya kazi hiyo kwa niaba yao, na wapo wanaoiogopa wakiamini kwamba inamshusha mtu hadhi. Haifanyi lolote kati ya hayo kwa kiwango wanachodhani: hunijulisha kwamba mtu yuko tayari, jambo ambalo lina maana baada ya kumpata tu. Aliye kazini anaweza kuchagua ishara hiyo ionekane kwa maofisa ajira peke yao, ingawa LinkedIn yenyewe haimhakikishii kwamba kampuni yake haitajua.

Kurundika ujuzi arobaini nako hakuongezi nafasi. Orodha inayochanganya uongozi, kompyuta, ubunifu na upishi inanieleza tu kwamba mwenyewe hajaamua anataka kazi gani.

Kuhusu kauli ya "sina uzoefu, kwa hiyo sina cha kuandika", nitasema kwa ukali kidogo kwamba mara nyingi ni uvivu. Mafunzo kwa vitendo ya wiki nane yana jina la ofisi, idara, na kazi ulizozigusa kwa mikono yako. Kama ulipatanisha taarifa za benki na vitabu vya ofisi, andika hivyo, na utaje ni akaunti ngapi. Daftari la field ulilomkabidhi msimamizi wako lina habari nyingi kuliko wasifu wako.

Kosa jingine ni kuuchukulia mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira, unaotumika kuomba kazi za utumishi wa umma, kana kwamba ni LinkedIn ya serikali. Pale hakuna mwajiri anayepita akivutiwa na maelezo yako mazuri. Unaomba nafasi iliyotangazwa, na sifa zako hupimwa kwa masharti ya tangazo hilo, ikiwamo viambatisho: hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haikubaliwi badala ya cheti, na nakala za vyeti zinatakiwa ziwe zimethibitishwa. Anayetumia siku nzima kuremba maelezo binafsi huku ameambatisha hati ya matokeo ameshaanguka kabla ya usaili.

Wengine huamini kwamba wasifu ukishajazwa umekwisha. Mwezi uliopita nilimpata msimamizi wa ghala aliyefaa kwa kila kigezo. Namba yake ilipokelewa na mtu asiyemfahamu, na barua pepe aliyoiweka ilikuwa ya chuo alichomaliza zamani, ambayo ilirudisha ujumbe wangu papo hapo. Nafasi ile nilimpa wa pili kwenye orodha.